Edwin Hubble: Mwalimu Aliyetufunza Kuitazama Picha

Ni nadra siku hizi kupata kitabu cha sayansi kisichokuwa na picha ya galaksi. Aghalabu huwa ni galaksi ya parafujo, yaani ile iliyojizungusha mfano wa gamba la konokono. Katikati pana mwanga mzito wa rangi ya manjano, na kutoka hapo mikono miwili au zaidi hujikunja kuelekea nje, ikiwa na rangi ya samawati na kukatwakatwa na mistari myeusi ya vumbi. Mwanafunzi huiangalia mara moja, akasoma maelezo yaliyo chini yake, akakariri jina na umbali, kisha akageuza ukurasa. Mtihani ukija atapata alama zake. Lakini je, ameitazama picha ile? Kuona ni kazi ya jicho, nalo jicho huifanya bila kuombwa. Kutazama ni kazi ya akili, na akili haiifanyi mpaka ifunzwe.

Mtu ambaye maisha yake yanathibitisha jambo hili ni Edwin Powell Hubble, Mmarekani aliyefariki dunia mwaka 1953. Jina lake lilienea zaidi baada ya Aprili 1990, darubini kubwa iliyopewa jina hilo iliporushwa angani. Wengi huijua darubini, ila mwenye jina hawamjui. Na hata miongoni mwa wanaomjua, ni wachache wenye habari kwamba aliwahi kushika chaki darasani, na kwamba yeye mwenyewe hakupenda kulitangaza jambo hilo. Kwa sababu hiyo yafaa walimu na wanafunzi wayafahamu maisha yake, mazuri yake na mapungufu yake pamoja.

Kabla ya kumfikia Hubble, hatuna budi kujua alikuta nini. Mwaka 964 mwanafalaki Mwajemi, Abd al-Rahman al-Sufi, alitaja katika kitabu chake cha nyota kijiwingu hafifu kilichomo katika kundi la nyota la Andromeda. Kijiwingu hicho chaonekana hata hapa kwetu Kenya bila darubini, katika usiku wa Novemba usio na mbalamwezi, upande wa kaskazini, mradi mtazamaji awe mbali na taa za mji. Karne nyingi zilipita na hakuna aliyejua ni kitu gani. Wanafalaki wa Ulaya waliviita vijiwingu vya namna hiyo nebula, neno la Kilatini lenye maana ya ukungu au wingu, wakaviorodhesha kwa mamia na kisha kwa maelfu.

Mwaka 1845 huko Ireland, Lord Rosse alielekeza darubini yake yenye kioo cha upana wa mita 1.8 kwenye nebula moja iitwayo M51, akaona kwamba imejikunja kama maji yanayozama kwenye tundu. Aliichora kwa mkono. Mwaka 1888, Mwingereza Isaac Roberts aliipiga picha nebula ya Andromeda, na kwa mara ya kwanza mikono yake ikadhihirika kwenye bamba la kioo. Roberts alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi, lakini tafsiri aliyoitoa ilikuwa na kasoro. Alidhani kwamba ameona jua changa likizaliwa, pamoja na sayari zake zikianza kujitenga kutoka katika wingu la gesi. Picha ilikuwa sahihi, jicho lilikuwa zima, ila kilichokosekana ni kipimo. Roberts hakujua kitu kile kilikuwa mbali kiasi gani. Na mtu asiyejua umbali hawezi kujua ukubwa, kama vile msafiri wa baharini asivyoweza kuamua kama nuru aionayo gizani ni kandili ya ngalawa iliyo karibu au ni taa ya meli kubwa iliyo mbali.

Hali ilikuwa hiyo Hubble alipozaliwa tarehe 20 Novemba 1889, katika mji mdogo wa Marshfield, jimbo la Missouri. Babake alifanya kazi katika biashara ya bima, na baadaye aliihamishia jamaa yake Wheaton, karibu na Chicago. Kijana alikuwa mrefu, mwenye nguvu na hodari wa riadha, na aliingia Chuo Kikuu cha Chicago, ambako alisoma hisabati na elimu ya nyota na kucheza mpira wa vikapu. Alipohitimu mwaka 1910 alipata ufadhili wa Rhodes kwenda Oxford, Uingereza. Huko hakusomea nyota. Babake alitaka mwana awe mwanasheria, na mwana akatii. Alisoma sheria, akaongeza Kihispania, na alirudi nyumbani mwaka 1913 akiwa amejitwalia lafudhi ya Kiingereza cha Uingereza, ambayo hakuiacha hadi kufa kwake.

Babake alikuwa ameaga dunia mapema mwaka huohuo wa 1913. Hubble alikwenda kufundisha katika shule ya upili ya New Albany, jimbo la Indiana. Alifundisha Kihispania, fizikia na hisabati, na kuiongoza timu ya mpira wa vikapu. Alikaa mwaka mmoja tu wa masomo, lakini wanafunzi walimpenda mno hata wakakiweka wakfu kwake kitabu cha kumbukumbu cha shule cha mwaka 1914. Ni heshima ambayo mwalimu yeyote angejivunia. Tutairudia habari hii hapo mbele, kwa kuwa Hubble hakujivunia.

Moyo wake ulikuwa kwenye nyota. Mwaka 1914 aliacha ualimu na kurudi Chuo Kikuu cha Chicago, akafanya utafiti katika kituo cha Yerkes huko Wisconsin. Agosti mwaka huo alihudhuria mkutano wa wanafalaki mjini Evanston, na hapo Vesto Slipher wa kituo cha Lowell, Arizona, alitoa habari ya ajabu. Slipher alikuwa ameipasua nuru ya nebula za parafujo katika rangi zake na kupima mwendo wao. Nyingi zilikuwa zikitukimbia kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa kila sekunde, kasi ambayo haikupata kuonekana katika nyota za kawaida. Wasikilizaji walisimama na kumpigia makofi, ijapokuwa hapakuwa na aliyejua maana ya jambo lile.

Kazi ya Hubble huko Yerkes ilikuwa ya picha tangu mwanzo hadi mwisho. Shahada yake ya uzamifu, aliyoitunukiwa mwaka 1917, ilihusu uchunguzi wa nebula hafifu kwa njia ya picha. Mwaka mmoja kabla ya hapo aliweka pamoja picha za nebula moja ndogo, iliyopewa nambari 2261 katika orodha ya wanafalaki, zilizopigwa nyakati mbalimbali. Aligundua kwamba umbo lake hubadilika. Picha moja isingeweza kumwambia hivyo. Hapo ndipo kijana huyu alipojifunza somo lililomwongoza maisha yake yote: picha moja huonyesha, picha mbili zikilinganishwa hufundisha.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka kwa Wamarekani mwaka 1917, Hubble alijiunga na jeshi, akafikia cheo cha meja na kupelekwa Ufaransa. Aliporudi mwaka 1919 alikwenda moja kwa moja Mount Wilson, kilele kilicho juu ya mji wa Pasadena, California, ambako George Ellery Hale alikuwa amemwekea nafasi. Kituo hicho kilikuwa na darubini kubwa kuliko zote duniani kwa wakati ule, yenye kioo cha upana wa mita 2.5.

Inafaa kueleza kazi yenyewe ilivyokuwa, maana wengi hudhani kwamba mwanafalaki huchungulia darubini na papo hapo akagundua mambo. Mtazamaji aliingia katika kuba lisilo na joto lolote, hata wakati wa baridi kali. Aliweka bamba la kioo lililopakwa dawa ya picha mahali pa jicho, na kwa muda wa dakika nyingi, pengine kwa saa kadhaa, aliiongoza darubini ifuate nyota moja bila kuyumba, kwa kuwa dunia huzunguka na anga yote huonekana kusogea. Akiyumba kidogo tu, picha huharibika. Asubuhi bamba lilisafishwa kwa dawa, na kilichotokea ni picha iliyogeuzwa: anga hung'aa kama kioo kitupu, na nyota huwa vidoadoa vyeusi. Vidoadoa hivyo ndivyo vilivyohesabiwa, vikapimwa na kulinganishwa kwa muda wa miezi na miaka.

Wakati huo wanafalaki walikuwa wamegawanyika. Mnamo Aprili 1920, Harlow Shapley na Heber Curtis walikabiliana mbele ya wataalamu mjini Washington. Curtis alishikilia kwamba nebula za parafujo ni makundi ya nyota yaliyo mbali mno, sawa na kundi letu tuliitalo Njia Nyeupe. Shapley alipinga. Kwake yeye Njia Nyeupe ilikuwa kubwa kiasi cha kuumeza ulimwengu wote, na nebula zilikuwa vitu vidogo tu vilivyo pembezoni mwake. Mojawapo ya silaha zake ilikuwa kazi ya rafiki yake Adriaan van Maanen, Mholanzi aliyefanya kazi Mount Wilson. Van Maanen alikuwa amelinganisha picha za nebula ya M101 zilizopigwa miaka tofauti, akadai kwamba ameona vidoadoa vikisogea kando ya mikono. Ikiwa msogeo ule ulikuwa wa kweli, basi nebula haikuweza kuwa mbali, kwani ingekuwa mbali sehemu zake za nje zingekwenda kwa kasi isiyowezekana.

Tazama basi ugumu wa jambo hili. Van Maanen naye alikuwa akilinganisha picha. Alikuwa mtu mwangalifu na mwenye sifa njema. Hata hivyo aliona kitu ambacho hakikuwapo. Husimuliwa pia katika historia ya kituo hicho kwamba Shapley, kabla hajaondoka kwenda Harvard mwaka 1921, alimpa msaidizi wake Milton Humason mabamba ya Andromeda ayalinganishe. Humason akatia alama za wino kwenye vidoa alivyodhani ni nyota zinazobadilika mwangaza. Shapley alimweleza kwa upole kwa nini jambo hilo haliwezekani, akatoa kitambaa mfukoni na kuzifuta alama zile. Mmoja aliona kisichokuwapo, na mwingine alifuta kilichokuwapo. Wote wawili walikuwa wasomi wakubwa, na wote walikuwa wamekwisha kuamua jibu kabla ya kuitazama picha.

Usiku wa tarehe 5 Oktoba 1923, kuamkia tarehe 6, Hubble alilielekeza bamba kwenye Andromeda kwa muda wa dakika 45 hivi. Alipolichunguza alikuta vidoa vitatu vilivyoonekana vipya, akavitia alama akidhani ni nova, yaani nyota zinazowaka ghafla kisha zikafifia. Hakukomea hapo. Alikwenda katika hifadhi ya kituo, akayatoa mabamba ya zamani yaliyopigwa na wenzake katika miaka iliyotangulia, na akatafuta mahali palepale katika kila moja. Kidoa kimoja kati ya vile vitatu kilikuwapo katika baadhi ya mabamba na hakikuonekana katika mengine, kikaja kuonekana tena. Nova haifanyi hivyo. Hii ilikuwa nyota inayofifia na kung'aa kwa zamu, tena kwa mpango. Akaifuta alama ya kwanza na kuandika kando yake kwa wino, kwa furaha isiyofichika, kwamba nyota hii ni badilifu. Bamba hilo limehifadhiwa, na alama zote mbili zingalipo: dhana ya kwanza iliyokatwa, na ukweli ulioandikwa badala yake.

Nyota ile ilikamilisha mzunguko wake wa mwangaza kwa siku 31 hivi. Kwa nini siku hizo ziwe na maana kubwa? Jibu linatupeleka kwa mwanamke aitwaye Henrietta Leavitt, ambaye hakuwahi kuruhusiwa kuwa bwana wa darubini. Leavitt aliajiriwa katika kituo cha Harvard kukagua mabamba ya kioo kwa ujira wa senti 30 kwa saa, na kusikia kwake kulikuwa kumepungua sana. Alichunguza picha za Wingu Dogo la Magellan zilizopigwa huko Peru, akagundua, na mwaka 1912 ikatangazwa, kwamba nyota badilifu za aina ya Sefeidi zina kanuni: kadiri nyota inavyochukua siku nyingi kukamilisha mzunguko wake, ndivyo mwangaza wake halisi unavyokuwa mkubwa. Kwa hiyo ukizihesabu siku, waujua mwangaza halisi. Ukiulinganisha na mwangaza hafifu unaoonekana kwenye picha, waujua umbali. Kile kipimo alichokikosa Roberts kilikuwa kimepatikana. Leavitt alifariki kwa saratani mwezi wa Desemba 1921, miaka isiyozidi miwili kabla ya kanuni yake kuufungua ulimwengu.

Hubble alifanya hesabu na kupata umbali wa zaidi ya miaka-nuru 900,000. Hata Njia Nyeupe kubwa ya Shapley, yenye upana wa miaka-nuru 300,000, haikuweza kuufikia umbali huo. Andromeda haikuwa wingu lililomo mwetu. Ilikuwa galaksi kamili, yenye nyota zake yenyewe. Februari 1924 Hubble alimwandikia Shapley barua yenye habari hizo, na Shapley alipoisoma alitambua kwamba hoja yake imevunjika. Tarehe 1 Januari 1925 taarifa ilisomwa mbele ya wanafalaki mjini Washington, mwenyewe akiwa hayupo. Kuanzia siku hiyo binadamu hakuishi tena katika galaksi pekee ya ulimwengu.

Watu wengi wangeridhika na sifa hiyo. Hubble alirudi kwenye picha. Maadamu sasa ilijulikana kwamba nebula hizi ni galaksi, aliona ni lazima ziainishwe kwa maumbo yao, kama vile mtaalamu wa mimea anavyoainisha majani. Mwaka 1926 alichapisha mpango wake, na mwaka 1936 akauchora katika kitabu chake kikuu kwa umbo mfano wa panda ya manati. Kwenye mpini aliweka galaksi zenye umbo la duara au la yai, zisizokuwa na mikono. Kwenye panda moja aliweka zile za parafujo za kawaida, na kwenye panda ya pili zile ambazo mikono yao huanzia kwenye pau la nyota linalokatiza katikati. Katika kila panda alianza na zile zenye kitovu kikubwa na mikono iliyobanana, akamalizia na zenye kitovu kidogo na mikono iliyotanuka. Zisizo na umbo maalumu zilikaa kando.

Mpango huo hufundisha namna ya kuitazama picha yoyote ya galaksi hata leo. Kwanza, tuulize galaksi imetugeukia vipi. M51 imetuelekezea uso wake, ndiyo maana mikono yake yaonekana wazi kama ya kipepeo cha kuchezea. Andromeda imeinama sana, hivyo huonekana kama sahani iliyoshikwa karibu na usawa wa macho. Nyingine hutuonyesha ukingo tu, zikawa mstari mwembamba wenye nundu katikati na ufito mweusi wa vumbi. Mwanafunzi asiyelijua hili atadhani ameona vitu vitatu tofauti. Pili, tuulize rangi zina maana gani. Samawati ya mikono hutokana na nyota changa, kubwa na zenye joto kali, ambazo huishi muda mfupi. Manjano ya kitovu hutokana na nyota za zamani. Tatu, tujihadhari na mvuto wa mpangilio wenyewe. Wengi walidhani kwamba galaksi huanza zikiwa duara kisha zikaota mikono, kwa sababu tu mchoro umepangwa kutoka kushoto kwenda kulia. Hubble mwenyewe alionya kwamba mpango wake ni wa maumbo, na hauthibitishi lipi lilitangulia.

Hata mikono yenyewe si kama ionekanavyo. Laiti ingekuwa ni kamba za nyota zilezile, ingejiviringa na kubanana baada ya mizunguko michache, kwa kuwa sehemu za ndani humaliza mzunguko upesi kuliko za nje. Mwaka 1964 C. C. Lin na Frank Shu walitoa maelezo ambayo wengi huyakubali kwa galaksi kubwa zenye mikono dhahiri: mkono ni wimbi la msongamano. Mfano wake ni foleni ya magari barabarani. Magari huingia upande mmoja na kutoka upande wa pili, lakini foleni hubakia. Hubble hakuishi kuyasikia hayo. Yeye aliziainisha tu picha kwa uaminifu, akaacha wengine waeleze sababu.

Jambo lililompa sifa kubwa zaidi lilitokea mwaka 1929. Alizipanga galaksi 24 kwa umbali na kwa kasi yao, akaonyesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyotukimbia kwa kasi kubwa. Ulimwengu unapanuka. Mwaka 1931 hata Albert Einstein alifika Mount Wilson na kukutana na wanafalaki wake. Lakini ukiona vyaelea, jua vimeundwa, tena vimeundwa na mikono mingi. Kasi nyingi zilizotumiwa katika hesabu ile zilipimwa na Slipher, na Hubble hakumtaja ipasavyo. Padri wa Ubelgiji Georges Lemaître alikuwa amekwisha kuandika juu ya kupanuka huko mwaka 1927. Jumuiya ya kimataifa ya wanafalaki iliitambua haki hiyo mwaka 2018, ilipopendekeza kanuni ile iitwe kwa majina ya Hubble na Lemaître pamoja.

Tena kulikuwa na Humason, yule aliyefutiwa alama zake. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14, akaswaga nyumbu wa mizigo, wale wazaliwao na punda na farasi, kupandisha vifaa vya ujenzi kileleni Mount Wilson. Mwaka 1917 aliajiriwa kituoni humo kama mfagizi. Kwa bidii na utulivu wake akajifunza kupiga picha za nuru ya galaksi, hata akawa mpimaji hodari wa kasi zao kuliko wote wa wakati wake. Kidole kimoja hakivunji chawa, na jina moja halitoshi kuieleza elimu hii.

Na van Maanen je? Kwa miaka mingi Hubble alivumilia, ingawa walifanya kazi katika kituo kimoja na uhusiano wao haukuwa mzuri. Mwaka 1935 alichapisha vipimo vipya vya picha za galaksi zilezile. Msogeo haukuwapo. Si kwamba van Maanen alidanganya. Tofauti aliyoitafuta ilikuwa ndogo kupita uwezo wa vifaa vyake, na mahali ambapo kipimo kinashindwa, matumaini huingia na kukaa. Wala tusidhani kwamba udhaifu huo ulikuwa wa mtu mmoja. Mwaka 2007 wataalamu walianza kuwaalika watu wa kawaida ulimwenguni kuainisha picha za galaksi, na zaidi ya watu 100,000 walijitolea. Ilionekana kwamba walihesabu parafujo nyingi zaidi zinazojikunja upande mmoja kuliko wa pili. Wataalamu walipozigeuza picha kama zinavyoonekana kwenye kioo cha kujitazamia, upendeleo ulibaki uleule. Kasoro haikuwa angani, ilikuwa katika macho ya watazamaji.

Sasa tuirudie ile habari ya ualimu. Hubble alipopata umaarufu alipenda kueleza kwamba baada ya Oxford alifanya kazi ya uwakili huko Kentucky. Waandishi wa maisha yake wamechunguza wasione ushahidi wa kazi hiyo. Alichokifanya hasa ni kufundisha watoto wa shule. Yaelekea aliona kwamba uwakili una hadhi ambayo ualimu hauna, akakizika chumba cha darasa chini ya hadithi ya mahakama. Mtu aliyeipima Andromeda kwa uaminifu, na aliyeacha alama ya dhana yake ya kwanza ionekane kwenye kioo, hakuiacha alama kama hiyo katika maisha yake mwenyewe. Ni jambo la kuhuzunisha, na linatuhusu sana sisi tulio katika kazi hii ambayo mara nyingi hudharauliwa, hata na walioifanya.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alihudumu Maryland akiongoza utafiti wa mwendo wa makombora. Huku nyuma, Walter Baade, mzaliwa wa Ujerumani, alibaki Mount Wilson na kutumia giza la Los Angeles, ambayo taa zake zilipunguzwa kwa sababu ya vita, kupiga picha za kitovu cha Andromeda. Kazi hiyo ilimwezesha kubaini kwamba kuna aina mbili za Sefeidi, na mwaka 1952 akatangaza kwamba umbali wa Hubble unapasa kuongezwa maradufu. Leo umbali wa Andromeda unakadiriwa kuwa miaka-nuru milioni 2.5. Hivyo hata jibu lililomfanya Hubble maarufu lilikuwa pungufu, ila njia yake ilikuwa sawa, na ni kwa njia hiyohiyo lilivyosahihishwa.

Januari 1949 Hubble alipewa heshima ya kupiga picha ya kwanza kwa darubini mpya ya Palomar, yenye kioo cha upana wa mita 5. Alichagua ile nebula 2261 ya ujana wake. Mwaka huohuo moyo wake uliugua, na tarehe 28 Septemba 1953 alifariki dunia huko San Marino, California. Hapakuwa na mazishi ya hadhara, na kaburi lake halikutangazwa. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba darubini yenye jina lake imeielekea ile nyota ya Andromeda ya mwaka 1923, na kuikuta ikiendelea kung'aa na kufifia kwa zamu kama zamani.

Tunajifunza nini katika maisha haya? Kwa mwanafunzi, funzo ni kwamba vifaa vikubwa havitoshi. Leavitt hakuwa na darubini, alikuwa na mabamba ya kioo na subira. Humason hakuwa na cheti cha shule ya upili. Waliokosea hawakukosa akili, walikosa tu ile tahadhari ya kuuliza kama wanaona kilichopo au wanaona wanachokitaka.

Kwa mwalimu ninalo pendekezo lisilohitaji fedha. Utakapofikia ukurasa wenye picha ya galaksi, waambie wanafunzi wayafunike kwa karatasi maelezo yaliyo chini yake. Waulize wanaona nini, na wanajuaje. Waulize kitu kile ni kikubwa kiasi gani, na uwaache wang'amue wenyewe kwamba hawawezi kujibu mpaka waujue umbali. Kisha uwaonyeshe picha ya pili ya galaksi iliyoinama, uwaache wabishane kama ni kitu kilekile au ni kingine. Kipindi kitakwisha kabla hujayafunua maelezo, na huenda mkaguzi akipita asikute maandishi mengi ubaoni. Usione haya. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na haipungui hadhi mbele ya uwakili wala kazi nyingine yoyote. Wale wanafunzi wa New Albany mwaka 1914 hawakuwa na habari kwamba mwalimu wao wa fizikia angekuja kuupima ulimwengu. Walimpa heshima yao kwa sababu ya alivyowafundisha.